Je, Kujitoa Katika Jumuiya ya Biashara Huleta Uhaba wa Bidhaa?

Watu wazima wa Tanzania waliokuwa wakinunua mahitaji ya nyumbani kati ya mwaka 1977 na 1984 wanazikumbuka foleni za sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na vitambaa. Wengi wao, wakiulizwa sababu, hujibu kwa maneno mawili tu: Jumuiya ilivunjika. Huko Uingereza nako, vituo vya petroli vilipokauka mwaka 2021, na nyanya zilipotoweka madukani mwaka 2023, wengi walijibu kwa namna iyo hiyo: tumejitoa katika Umoja wa Ulaya. Majibu hayo yana kasoro moja. Yanachukua matukio mawili yaliyofuatana na kulifanya la kwanza kuwa mzazi wa la pili. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Lakini hakuna aaminiye kwamba jogoo ndiye alichomozaye jua.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hili kwa njia aliyoizoea mwanafunzi wa fizikia au baiolojia, yaani kuzitenga sababu moja moja na kutafuta mahali pa kulinganishia. Maabara ya kufanyia jaribio hili hatuna. Hatuwezi kuzichukua nchi mbili zilizo sawa, tukaitoa moja katika jumuiya na kuiacha nyingine ndani, kisha tukahesabu sabuni. Lakini historia imetufanyia majaribio kadhaa, na mojawapo, lililo bora kuliko yote kwa maoni yangu, lilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki.

Ughali na uadimu

Yatupasa kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Bidhaa ni ghali iwapo ipo dukani lakini bei yake imepanda. Bidhaa imeadimika iwapo mtu mwenye fedha mkononi, aliye tayari kulipa bei iliyotangazwa, anaikosa. Mambo haya hayana sababu moja, na mara nyingi moja huzuia jingine. Bei ikiachwa ipande, baadhi ya wanunuzi hupunguza matumizi na baadhi ya wauzaji huleta zaidi, hata rafu zisiwe tupu. Maskini huumia, bila shaka, lakini huumia kwa ughali. Bei ikizuiwa wakati bidhaa zimepungua, kitu kingine hushika kazi ya kugawa kile kichache kilichopo: foleni, kadi, udugu na muuzaji, au mlango wa nyuma.

Sasa tuitazame jumuiya ya biashara yenyewe. Nchi wanachama hufuta ushuru wa forodha baina yao, na mara nyingi hukubaliana kutoza ushuru ulio sawa kwa bidhaa za nje. Jumuiya zilizopiga hatua zaidi huwa na viwango vya pamoja vya ubora na afya, hata nyama iliyokaguliwa upande mmoja isikaguliwe tena upande wa pili, na huruhusu wafanyakazi kuvuka mpaka bila kibali. Nchi ikijitoa, kinachoondoka ni nafuu hizo; viwanda na mashamba hubaki pale pale yalipokuwa. Kinachoongezeka ni gharama na muda wa kuvuka.

Gharama ni rahisi kuielewa, kwani huingia katika bei. Muda ndio unaohitaji hesabu, nami naomba mwalimu aifanye hesabu hii ubaoni pamoja na wanafunzi wake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka moja huuza vipande 100 vya sabuni kila siku. Kila siku lori moja hutoka kiwandani, ng'ambo ya mpaka, likiwa na vipande 100, na safari huchukua siku 2. Sasa ukaguzi mpya unaongeza siku 3, hivyo safari inakuwa ya siku 5. Lori lililoondoka siku ya kwanza ya utaratibu mpya lingefika siku ya tatu. Sasa litafika siku ya sita. Siku ya tatu, ya nne na ya tano duka halipokei kitu. Lakini kuanzia siku ya sita lori moja huwasili kila siku, kama zamani. Upungufu wote ni vipande 300, nao hutokea mara moja tu. Vipande hivyo havikupotea. Vimo njiani, kwa kuwa safari ndefu hubeba mzigo mwingi zaidi ndani yake, kama vile bomba refu linavyobeba maji mengi kuliko bomba fupi. Mwenye duka aliyejua mapema na kuweka vipande 300 stoo angevuka siku hizo tatu bila mnunuzi yeyote kutambua.

Hii ndiyo sababu siku za kwanza baada ya mpaka mpya huleta mapengo madukani, na kwa kawaida mapengo hayo huzibika. Lakini hesabu yetu ilikuwa na dhana moja iliyofichika, kwamba malori yapo ya kutosha. Hapo awali lori lilikwenda siku 2 na kurudi siku 2, kwa hiyo malori 4 yalitosha kuhakikisha moja linaondoka kila siku. Sasa lori huenda kwa siku 5 na kurudi kwa siku 2, jumla siku 7. Malori 7 yanahitajika ili kupeleka mzigo ule ule. Ikiwa mwenye malori hawezi kupata mengine matatu, basi kwa wastani duka litapokea vipande 57 tu kwa siku badala ya 100, na hali hiyo haitaisha yenyewe. Uhaba wa siku tatu umegeuka kuwa uhaba wa kudumu.

Ni nini kitakachomzuia asipate malori matatu? Huenda hana fedha za kigeni za kuyanunulia, wala vipuri. Huenda madereva hawapatikani. Au huenda bei ya sabuni imefungwa kwa amri, hata gharama ya malori hayo isiweze kurudi. Mambo haya matatu tuyaweke akilini, kwa sababu tutakutana nayo yote: mawili katika nchi moja, na la madereva katika nyingine.

Nchi tatu, mvunjiko mmoja

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, na makao makuu yakawekwa Arusha. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na soko la pamoja, na pia shirika moja la reli, la bandari, la posta na la ndege. Soko hilo halikuwa huru kabisa. Kwa kuwa viwanda vingi vilikuwa Kenya, mkataba uliziruhusu nchi zilizonunua kuliko zilivyouza kutoza kodi ya pekee, iliyoitwa kodi ya uhamisho, juu ya baadhi ya bidhaa za viwanda kutoka kwa mwenzake, ili kuvilinda viwanda vyao vichanga.

Mapema mwaka 1977 shirika la ndege lilisambaratika, na mwezi Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mwisho wa Juni bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Jumuiya ikafikia kikomo. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Msomaji aangalie kwamba haya ni matendo mawili tofauti. Kuvunja jumuiya ni kurudisha ushuru na makaratasi. Kufunga mpaka ni kuzuia lori lisipite kabisa. La pili ni zito zaidi, na wanaosimulia habari hizi huliingiza ndani ya la kwanza bila kujua.

Uzuri wa tukio hili kwa mtafiti ni kwamba nchi tatu zilipoteza jumuiya ile ile, mwaka ule ule. Kama kupoteza jumuiya peke yake huleta uhaba, basi zote tatu zingepata uhaba unaofanana, na uhaba huo ungeanza mwaka 1977.

Haikuwa hivyo. Kenya iliumia, lakini iliumia kwa namna ya muuzaji. Viwanda vyake vilipoteza soko la Tanzania, na malori yake yalipoteza njia ya kwenda Zambia. Sabuni na mafuta ya kupikia vilibaki madukani. Ukame mkubwa wa mwaka 1984 uliwafanya Wakenya wale mahindi ya njano kutoka nje, lakini chanzo chake kilikuwa mawingu yaliyokosa mvua.

Uganda ni kinyume chake. Uhaba wa sukari, chumvi na sabuni ulikuwa umekwisha kuanza pale hali Jumuiya ikiwa hai. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na maduka, karakana na viwanda vyao vikagawiwa watu ambao wengi wao hawakuwa na ujuzi wala mtaji wa kuviendesha. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, ambavyo miaka ya sitini viliilisha nchi nzima na kubakisha ziada ya kuuza, vilididimia hadi mwishoni mwa miaka ya sabini vikawa karibu vimekufa. Neno magendo likawa jina la uchumi mzima. Njia ya kwenda Mombasa kupitia Kenya iliendelea kutumika, na kahawa nyingi ya Uganda ilivuka kwa siri kuingia Kenya, jambo lililokifanya kijiji cha Chepkube kilichoko mpakani kijulikane kote. Mwanachama wa jumuiya anaweza, basi, kuwa na rafu tupu. Mwaka ule wa 1977 haukumwanzishia Mganda shida yake, ulimkuta nayo.

Tanzania ndiyo inayohitaji uangalifu. Hapa mpaka ulifungwa na uhaba ukafuata, na dhana ya kwamba moja lilizaa jingine inavutia. Tuipime kwa kujiuliza ni bidhaa zipi zingepaswa kuadimika. Kama sababu ni kutengwa na Kenya, zingeadimika bidhaa za viwanda vya Kenya, na zile zinazotengenezwa Tanzania zingebaki. Sukari ilitengenezwa Kilombero, Mtibwa na kule TPC karibu na Moshi. Vitambaa vilifumwa Urafiki na Mwatex, kwa pamba iliyolimwa Mwanza na Shinyanga. Saruji ilitoka Wazo Hill. Hizo nazo ziliadimika, na baadhi yake ziliongoza orodha.

Sababu yake inaonekana vizuri tukikitazama kipande cha sabuni. Sabuni hupatikana kwa kuchemsha mafuta pamoja na hidroksidi ya sodiamu. Mafuta ya nazi na ya mbegu za pamba yalikuwapo nchini. Hidroksidi ya sodiamu iliagizwa ng'ambo, na ng'ambo hawakupokea shilingi. Vivyo hivyo rangi za vitambaa, vipuri vya mitambo ya sukari, na dizeli ya malori. Mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa juu sana kwa sababu ya baridi kali iliyoharibu mikahawa ya Brazil mwaka 1975, na akiba ya fedha za kigeni ya Tanzania ikanenepa. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, akiba ikatumika upesi, na bei ya kahawa nayo ikashuka. Oktoba mwaka huo majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Vita hivyo, vilivyokadiriwa kugharimu karibu dola milioni 500 za Marekani, viliendelea hadi katikati ya mwaka 1979, na mwaka huo huo bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda tena kwa kishindo. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya themanini, viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wao.

Wakati huo huo bei zilifungwa. Tume ya Bei ilikuwa imeundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na usambazaji wa bidhaa nyingi ulipitia makampuni ya biashara ya mikoa. Mteja aliyekuwa tayari kulipa zaidi hakuwa na njia halali ya kufanya hivyo, kwa hiyo alikwenda kwa mlanguzi. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni kali dhidi ya uhujumu uchumi, kwa sheria maalumu iliyotungwa mwaka huo. Watu wengi walikamatwa. Wengine wakatupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Sikusudii kusema kwamba hapakuwa na wahujumu. Palikuwa nao, na baadhi yao walitajirika kwa machozi ya wenzao. Lakini mwenye kuficha katoni kumi za sabuni hawezi kuwa chanzo cha uhaba wa nchi nzima kwa miaka sita. Anazificha kwa sababu tayari ni haba, na kesho zitakuwa haba zaidi. Ndiyo maana nasema swali letu si la darasani tu. Jibu tunalolichagua ndilo linaloamua nani atatiwa pingu.

Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni nje ya nchi kuagizia bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimepatikanaje, na bei za bidhaa nyingi zikaanza kuachwa huru. Katika muda mfupi maduka yalijaa, kwa bei ambazo wengi walizitazama tu. Mwanafunzi makini atasema kwamba mpaka ulikuwa umefunguliwa miezi michache tu kabla yake, hivyo sababu mbili zimekaribiana. Ni pingamizi la haki. Jibu ni kwamba bidhaa zile zilitoka pande nyingi za dunia, si Kenya peke yake. Na kwamba jumuiya mpya ilikuja baadaye sana, mkataba wake ukitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Rafu zilijaa miaka kumi na tano kabla ya jumuiya kurudi.

Je, kuvunjika kwa Jumuiya hakukuchangia lolote? Hasha. Karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi. Tanzania ililazimika kuanzisha mashirika yake ya reli, bandari, posta na ndege kwa haraka, na kuyatafutia vifaa kwa zile zile fedha za kigeni zilizokuwa zikitafutwa kwa hidroksidi ya sodiamu. Wakazi wa Namanga, Holili na Horohoro, waliozoea kununua mahitaji yao ng'ambo ya pili, walifungiwa mlango wa karibu. Hapa turudi kwenye hesabu yetu ya malori: njia ilirefuka, na malori ya kuongeza hayakuwapo. Kuvunjika kwa Jumuiya kulizidisha ukali wa uhaba ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa na mizizi mingine.

Kisa cha Uingereza

Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikamalizika tarehe 31 Desemba mwaka huo. Mkataba mpya wa biashara ulifuta ushuru kwa bidhaa zinazotimiza kanuni za uasilia, kwa hiyo kilichoongezeka kilikuwa hasa makaratasi, ukaguzi na vibali vya wafanyakazi. Umoja wa Ulaya ulianza kukagua bidhaa za Waingereza siku ya kwanza ya mwaka 2021. Waingereza wenyewe waliahirisha mara kadhaa ukaguzi wa vyakula viingiavyo kwao. Hati za afya za bidhaa za wanyama zilianza kudaiwa Januari 2024, na ukaguzi wa mizigo yenyewe Aprili 2024. Waliijua hesabu ya vipande 300, wakaogopa.

Ireland ya Kaskazini inatupa jaribio la ajabu. Ni sehemu ya Ufalme wa Uingereza, lakini kwa makubaliano maalumu ilibaki kufuata kanuni za soko la Ulaya kwa upande wa bidhaa, ili mpaka wake na Jamhuri ya Ireland usiwe na vizuizi. Mtu angetarajia kwamba mkoa uliobaki sokoni ndio utakaosalimika. Kinyume chake, Januari 2021 mapengo yalionekana katika rafu za supamaketi za huko, kwa sababu maduka hayo yalikuwa yakipata vyakula vyao vingi kutoka Uingereza bara, na mstari mpya wa forodha ulikuwa umepita katikati ya bahari inayowatenganisha. Fundisho lake ni kubwa. Lililo muhimu ni mahali ambapo mpaka mpya unaikata njia ambayo bidhaa zilizoea kupita, na kama umeikata kwa ghafla. Bendera ya jumuiya inayopepea upande huu au ule haijazi rafu.

Septemba 2021 Waingereza walikumbwa na uhaba wa aina mbili kwa pamoja, na ni vema tukautenga mmoja na mwenzake. Wa kwanza ulikuwa wa kaboni dayoksaidi, gesi inayotumika katika vinywaji, katika ufungaji wa vyakula, na katika machinjio kuwapoteza fahamu nguruwe na kuku. Gesi hiyo haitengenezwi kwa makusudi. Ni zao la pembeni la kiwanda cha mbolea, pale gesi asilia inapotumiwa kupata haidrojeni ya kutengenezea amonia. Viwanda viwili, cha Billingham na cha Ince, vilivyokuwa vikitoa karibu asilimia 60 ya kaboni dayoksaidi ya nchi, vilisimama kwa sababu bei ya gesi asilia ilikuwa imepanda kupita kiasi. Bei hiyo ilipanda Ulaya nzima. Kujitoa hakukuwa na mkono hapo, ijapokuwa wengi walikunyoshea kidole.

Uhaba wa pili ulikuwa wa petroli. Mafuta yalikuwa tele katika maghala. Waliopungua walikuwa madereva wa kuyapeleka vituoni. Chama cha wasafirishaji kilikadiria upungufu wa madereva wapatao 100,000. Mitihani ya udereva wa malori ilikuwa imesimamishwa wakati wa ugonjwa wa UVIKO, madereva wengi walikuwa wamezeeka, na Ujerumani na Poland nazo zililia upungufu. Hadi hapa jumuiya haihusiki. Lakini madereva wengi kutoka nchi za Ulaya walikuwa wamerudi makwao, na tangu mwaka 2021 dereva mpya kutoka huko alihitaji viza. Kampuni moja ilipotangaza kwamba itafunga vituo vichache, watu walikimbilia kujaza matangi yao, na vituo vingi vikakauka kwa siku chache. Serikali ikatoa nafasi 5,000 za viza za muda, na tarehe 4 Oktoba wanajeshi wakaanza kuendesha malori ya mafuta. Hili ndilo lile sharti la malori 7 na malori 4. Zamani upungufu huo ungevuta madereva kutoka Poland au Romania kwa kuongeza mshahara tu. Sasa mlango huo ulikuwa na kufuli. Kwa hukumu yangu kujitoa hakukuuzaa uhaba huu, lakini kulifanya mshtuko wa kawaida uwe mgumu kupoza.

Nyanya za Februari 2023 zinakaribia hali hiyo. Wakati wa baridi kali Uingereza hununua nje karibu nyanya zake zote. Nilipokuwa masomoni Ulaya sikuacha kushangaa kula letasi mbichi huku theluji ikianguka dirishani. Mwaka huo baridi iliharibu mavuno Hispania na Moroko, na wakulima wa Uingereza walikuwa wameacha kupasha joto nyumba zao za vioo kwa sababu ya bei ya nishati. Tesco, Aldi na Asda waliruhusu kila mteja pakiti 3 tu, Morrisons 2. Watu walipiga picha masoko ya Hispania na Ufaransa yaliyojaa nyanya, wakasema kesi imekwisha. Haijakwisha, kwa kuwa Moroko haimo katika Umoja wa Ulaya, na upungufu ulionekana pia katika maduka ya Jamhuri ya Ireland, ambayo ni mwanachama. Supamaketi za Uingereza hununua kwa mikataba ya bei iliyopangwa mapema na huogopa kuongeza bei. Masoko ya bara la Ulaya yalilipa zaidi, na mzigo mdogo uliokuwapo ukaelekea huko. Hapa bei haikufungwa na serikali bali na ushindani wa wenye maduka, na matokeo yake yakawa yale yale.

Kujitoa kwenyewe kulionekana zaidi mahali pasipo na foleni. Watafiti wa London School of Economics walikadiria kwamba vizuizi vipya vilipandisha bei za vyakula kwa karibu asilimia 6 katika miaka ya 2020 na 2021, sawa na pauni 210 kwa kaya ya wastani. Hakuna mpiga picha anayepiga picha asilimia 6. Lakini kaya maskini, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake huishia chakulani, huilipa kila wiki.

Zoezi kwa wanafunzi

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kisa cha Niger na Mali wakipime wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023, Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika Magharibi, ECOWAS, iliiwekea Niger vikwazo: mipaka ikafungwa, Nigeria ikakata umeme, malori yakapanga foleni Malanville upande wa Benin, na bei ya mchele Niamey ikapanda. Vikwazo viliondolewa Februari 2024. Tarehe 29 Januari 2025 Niger, Mali na Burkina Faso zilijitoa rasmi katika ECOWAS. Jumuiya hiyo ikaagiza bidhaa zao ziendelee kupokewa kama kawaida hadi itakapotangazwa vinginevyo, na nchi tatu hizo zikabaki katika umoja wa sarafu ya faranga ya CFA. Septemba 2025 wapiganaji wa kundi la JNIM walianza kushambulia malori ya mafuta yaliyokuwa yakiingia Mali kutoka Senegal na Côte d'Ivoire, na Bamako ikakosa petroli kiasi cha shule kufungwa kwa muda.

Wanafunzi waandike tarehe hizo kwa mfuatano, na mbele ya kila uhaba waeleze: nchi ilikuwa ndani ya jumuiya au nje, njia ipi ya bidhaa ilikatwa, na nani aliyeikata, bei iliachwa ipande au ilizuiwa, na ni nchi gani jirani inayofaa kulinganishwa nayo. Kisha waende kwa wazee wa mtaani kwao, wawaulize sabuni iliadimika mwaka gani na iliuzwa wapi, na wayapange majibu kwa utaratibu huo huo.